Maksi za anayekaa kushoto

Najua nimepotea. Kuna walioanza kuniuliza kantini kama nimefunga kijiwe. Sijafunga jamani. Nilikuwa TP, nikarudi nikakuta asaimenti tatu zinanisubiri mlangoni kama wadai, na mbili kati ya hizo ni za kikundi. Hizo za kikundi ndizo zilizonikalisha chini leo Jumapili badala ya kufua. Ila nitaanza mbali kidogo, kwenye kinanda, halafu Vienna mwaka 1865, ndipo turudi hapa chuoni. Nivumilieni, tutafika.

Wengi mnajua kwamba mwaka jana nilianza kujifunza kinanda kanisani. Mwalimu wetu wa kwaya, mzee mstaafu asiyechoka, alitangaza kwamba kila Alhamisi jioni atafundisha yeyote anayetaka. Tulianza sita. Mwezi wa pili tulikuwa tumebaki wawili, mimi na dogo mmoja wa mwaka wa kwanza anayesoma uhandisi. Siku moja Mwalimu akaja na karatasi zilizoliwa pembeni na mende, akazitandaza. Walsi ya Brahms, ya watu wawili kwenye kinanda kimoja. Mikono minne. Akasema, "Wewe dogo kaa kulia. Binti yangu, wewe kaa kushoto."

Kwa wasiojua: upande wa kulia wa kinanda ndiko kwenye sauti nyembamba, na ndiko wimbo wenyewe uliko, ule ambao mtu ataondoka anaupigia mluzi. Anayekaa huko anaitwa primo, yaani wa kwanza. Kushoto ni besi. Anayekaa huko anaitwa sekondo, wa pili. Kazi yake kwenye walsi ni dum-cha-cha, dum-cha-cha. Pigo la kwanza zito chini, mawili mepesi juu yake, halafu unarudia mpaka mwisho.

Sasa mimi mwaka wa tatu, nimeanza kujifunza kabla ya huyo dogo, nawekwa kwenye dum-cha-cha! Nikamuuliza Mwalimu, "Na mimi nitapiga wimbo lini?" Akacheka tu. "Pigo lako likikaa sawa, njoo tuzungumze." Iliniuma, we acha tu. Nilirudi hosteli nikamwambia rumeti wangu kwamba naacha kinanda.

Sikuacha. Nilianza kusoma habari za huo muziki ili nipate hoja ya kumgomea Mwalimu. Nilivyosoma, hoja yenyewe ikanigeuka.

Johannes Brahms alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1833. Mwaka 1862 alikwenda Vienna, na mji huo ndio ukawa makao yake mpaka alipofariki mwaka 1897. Vienna ilikuwa mji wa walsi kama vile sisi tunavyosema Tanga ni mji wa taarab. Walsi ilitokana na ngoma za vijijini za Austria na kusini mwa Ujerumani, watu wakizunguka wawili wawili, ikaingia mjini, ikafika mpaka kwenye kumbi za wakubwa. Si kwamba ilipokelewa kwa maua. Mume na mke wa mtu mwingine kushikana viunoni mbele za watu! Mwaka 1816, walsi ilipochezwa kwenye hafla ya mtawala wa Uingereza, gazeti la The Times la London liliisema vibaya kwamba inaharibu maadili. Mnaona? Maneno yale yale tunayoyasikia leo kuhusu singeli.

Brahms hakuwa mtu wa kumbi za dansi. Alijulikana kwa muziki mzito, wa kukunja uso. Lakini mwaka 1865 akatunga walsi 16, zikachapishwa mwaka uliofuata zikiwa na namba ya Opus 39. Alizitoa kwa heshima ya Eduard Hanslick, mhakiki aliyeogopwa sana Vienna. Hanslick mwenyewe alipoandika kuzihusu hakuficha mshangao: Brahms na walsi wamekutana wapi? Ni vipande vifupi, vingi havifiki dakika mbili, na zote 16 unazimaliza kwa kama dakika 20. Hicho cha kwetu kilikuwa namba 15, maarufu kuliko vyote, kipole, kama mtu anambembeleza mtoto.

Kilichonishtua ni hiki. Ukitafuta namba 15 leo kwenye simu yako, mara nyingi utamkuta mtu mmoja amekaa peke yake anaipiga. Nilidhani imetungwa hivyo. Kumbe ilizaliwa ya watu wawili, kwenye ufunguo wa A meja. Brahms alipoipanga baadaye kwa ajili ya mpigaji mmoja aliishusha ikawa A bemoli, na hiyo ndiyo wengi wanaijua. Alitoa pia toleo jepesi kwa mikono ambayo haijakomaa. Dunia ikamkumbuka mpigaji mmoja, ikamsahau wa pili.

Na kwa nini watu wawili kwenye kinanda kimoja? Fikiria nyumba ya mwaka 1865. Hakuna redio, hakuna sahani ya santuri. Mashine ya kwanza ya Edison ya kunasa na kurudisha sauti ilikuja mwaka 1877. Ukitaka kusikia simfoni, subiri orkesta ije mjini kwenu, na uwe na hela ya tiketi. Au ununue nakala ya simfoni hiyo iliyopangwa kwa mikono minne, umwite dada yako, mkae benchi moja, muipige wenyewe sebuleni. Brahms aliipanga hivyo simfoni yake ya kwanza, ile iliyosikika mara ya kwanza mwaka 1876. Kwa hiyo mikono minne ndiyo ilikuwa redio ya nyumba ile, ila redio yenyewe ni wewe na mwenzako.

Ilikuwa pia darasa. Franz Schubert, ambaye Brahms alimpenda sana kiasi kwamba mwaka 1864 alisimamia uchapishaji wa ngoma zake zilizokuwa hazijatoka, aliwahi kuwa mwalimu wa nyumbani wa mabinti wawili wa Esterházy, huko Zseliz, Hungaria ya wakati huo. Baadhi ya kazi zake nzuri za mikono minne zimetokana na maisha hayo. Mwaka 1828, mwaka aliofariki, alimtolea mmoja wa mabinti hao, Caroline, fantasia yake ya F ndogo. Na ndiyo, kulikuwa na mambo ya viwiko kugusana. Mkono wa kushoto wa primo na wa kulia wa sekondo wanagombania katikati ya kinanda, lazima mmoja ampishe mwenzake. Vijana wa enzi zile walilijua hilo vizuri kuliko sisi. Tusiende mbali.

Kuna mambo mawili mengine yaliyonifanya nimwangalie huyo wa kushoto kwa jicho jipya. La kwanza, baba yake Brahms, mzee Johann Jakob, alikuwa mwanamuziki wa Hamburg aliyepiga besi, lile dude la nyuzi linalosimama refu kama mtu. Mtoto alilelewa kwa mshahara wa besi. La pili, Gustav Jenner, kijana aliyefundishwa utunzi na Brahms, ameeleza jinsi mwalimu wake alivyokagua wimbo: alifunika kwa mkono mstari wa juu wa piano, akasoma sauti ya mwimbaji na besi peke yake. Kama hivyo viwili vimesimama, wimbo umesimama. Wanakwaya wenzangu mnajua ninachosema. Besi wakichelewa mazoezini, hata sauti ya kwanza waimbe kama malaika, wimbo unaelea tu hewani.

Haya, turudi kwangu. Nimekubali kukaa kushoto, lakini moyoni sijakubali. Kinanda chetu kina vibonye 61 wakati piano kamili ina 88, kwa hiyo tulikaa tumebanana kama daladala ya jioni. Na mimi, kwa kuwa nilitaka nisikike, nikawa natwanga. Dogo akiingia kwa upole mimi namfuata na dum kama naponda mihogo. Siku moja rumeti alikuja akaturekodi kwa simu. Tukasikiliza. Jamani, dogo hakusikika kabisa. Kilichosikika ni mimi, dum, dum, dum, na nyuma huko kwa mbali kitu kama mbu. Dogo hakusema neno. Mwalimu naye hakusema neno. Alirudisha tu mwanzo, akaniwekea mkono begani, akahesabu taratibu, moja-mbili-tatu.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Sekondo si kupiga kidogo au kupiga hovyo kwa kuwa hakuna anayekusikiliza. Sekondo unatakiwa usikilize mwenzako kuliko unavyojisikiliza. Yeye akitaka kuvuta pumzi mwisho wa sentensi, wewe ndiye unayempa nafasi ya kuvuta. Akipotea, wewe unaendelea ili akute njia ya kurudi. Kwenye piano ya kweli, hata pedali ya chini kawaida ni mguu wa sekondo, maana ndiye anayejua msingi unabadilika lini. Ukikosea primo, watu watasema umekosea noti moja. Ukisimama sekondo, kila kitu kinaanguka.

Ndipo nikaenda TP.

Wiki ya kwanza nilifundisha Kidato cha Pili ngeli za nomino. Nilijiandaa kweli. Chati, mifano, vichekesho. Supavaiza alikaa nyuma kimya na saa yake. Tulipotoka akanionyesha fomu. Kati ya dakika 40 za kipindi, mimi nilikuwa nimeongea 31. Aliandika kwamba mwalimu analijua somo. Chini yake akauliza: na wanafunzi je? Nilisimama pale uwanjani na chati yangu mkononi, nikaisikia ile rekodi ya simu. Dum, dum, dum, na mbu kwa mbali.

Wiki iliyofuata nilibadilisha. Niliwapa orodha ya nomino, nikawaambia wazipange wenyewe na wanipe sababu. Likazuka zogo juu ya kifaru. Umbo lake linafanana na kitabu na kiti, kwa nini tunasema kifaru huyu na si kifaru hiki? Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye wiki nzima sikuwahi kusikia sauti yake, akasimama akasema, "Kwa sababu anapumua." Darasa likacheka, halafu likanyamaza, halafu likaanza kutafuta: kiboko, kipepeo, kijana. Mimi nilikuwa nauliza tu, "na hicho je?", "una uhakika?", "nani anapinga?" Moja-mbili-tatu. Sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile, na karibu sikusema kitu.

Sasa nifike ninapotaka kufika, maana hili linanikaba.

Semesta iliyopita tulikuwa na asaimenti ya kikundi, watu watano. Nilikuwa mmoja wao. Tulipangiwa kuwasilisha darasani, na mimi ndiye niliyechaguliwa kusimama mbele, kwa kuwa mnanijua mdomo wangu. Mwenzetu mmoja, mkimya, ndiye aliyekwenda maktaba asubuhi kushika nafasi. Ndiye aliyekusanya vipande vyetu, akachapa vyote, akakuta kwamba wawili wetu tumedesa aya zilezile, akatuamsha usiku tuziandike upya. Ndiye aliyetengeneza jedwali nililolieleza mimi kwa mbwembwe. Siku ya kuwasilisha alikaa pembeni akinibonyezea kurasa. Maksi zilipotoka, mimi 17 kati ya 20. Yeye 11, na maelezo kwamba mchango wake haukuonekana.

Mimi nilinyamaza. Ndiyo, mimi huyu ninayeandika hapa. Nilijisemea moyoni kwamba kila mtu na bahati yake, nikaenda kula chipsi. Matokeo ya UE yalipotoka, jamaa akawa na sup kwenye somo hilo hilo, kakosa maksi chache. Zile alizonyimwa siku ile zingetosha.

Maoni yangu ndiyo haya, na mnipinge kama mnaweza. Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa na kupimwa kama vile kila muziki ni wa mpigaji mmoja. Anayesimama mbele ndiye anayejua. Anayeongea sana ndiye mwalimu bora. Tunahitimu hivyo, tunapelekwa shuleni, halafu tunakwenda kuwatwangia watoto dakika 31 kati ya 40 na kushangaa kwa nini hawaongei. Kazi tunayokwenda kufanya maisha yetu yote ni ya sekondo. Mwanafunzi ndiye mwenye wimbo. Lakini hapa chuoni hakuna hata mtihani mmoja unaompa maksi mtu kwa kumfanya mwenzake asikike.

Najua mtakachosema. Wa kwanza atasema kazi za kikundi zimejaa watu wa kupachika majina, ukianza kuwapa maksi wakimya umewapa wavivu sikukuu. Nakubali wapo, na wengine ni marafiki zangu na wanasoma hapa, shikamooni. Lakini mvivu si sekondo. Kipimo chake ni rahisi: mwondoe uone kama kitu kinaanguka. Sisi tungemwondoa yule jamaa tusingekuwa na cha kuwasilisha. Tungeniondoa mimi, angesoma yeye kwa sauti ndogo na kazi ingekuwa ile ile.

Wa pili atasema mwajiri anaangalia GPA, na GPA ni ya mtu mmoja. Kweli. Siombi iondolewe, hata mimi naitaka ya kwangu. Ninachoomba ni kidogo. Mhadhiri akiwa na kikundi mbele yake, asimuulize mwasilishaji peke yake. Amuulize kila mmoja aeleze sehemu ya mwenzake. Dakika tano zinatosha kujua nani alikuwa anasikiliza. Na kwenye TP, ile fomu ya supavaiza iwe na mstari wa dakika ambazo mwalimu amenyamaza kwa faida. Mimi supavaiza wangu alijihesabia mwenyewe. Wengine mmepata maua kwa kuhutubia.

Halafu kuna kubadilishana viti. Wale mabinti wa Schubert na ndugu wa sebule za Vienna hawakukaa upande mmoja maisha yote. Leo wewe primo, kesho mimi. Alhamisi iliyopita Mwalimu alinihamishia kulia kwa mara ya kwanza. Nilipiga wimbo, nilioungojea miezi mingi. Mnajua nilichogundua? Ni rahisi! Yaani ukiwa na mtu mzuri kushoto, vidole vinakwenda vyenyewe. Dogo alikuwa ananingoja kila mwisho wa sentensi, na nilipopotea katikati hakusimama, nikarudi. Tulipomaliza nikamwambia asante, akashangaa ya nini.

Jumanne nilikwenda ofisini kwa mhadhiri. Nilimweleza yote, na kwamba nilinyamaza. Alinisikiliza, akasema matokeo yamekwishapita kwenye kikao, lakini niandike barua na wanakikundi wote wasaini, kila mmoja aeleze alichofanya. Tumeandika. Saini tano zipo. Jamaa mwenyewe alisaini wa mwisho, akasahihisha kosa la tahajia kwenye aya ya pili, akairudisha bila kusema lolote. Sup yake ni wiki mbili zijazo na barua haijajibiwa, kwa hiyo jioni hii nakwenda kupiga naye msuli. Safari hii nimemwambia aeleze yeye, mimi nitakuwa nauliza.

Wanakwaya, kabla sijasahau: Brahms ana walsi nyingine za mwaka 1869, Liebeslieder-Walzer, za waimbaji wanne pamoja na mikono minne kwenye piano. Sauti zote nne na benchi lenye watu wawili. Mwalimu anasema tukipata besi wanaokuja kwa wakati tutajaribu moja. Besi mmesikia.

Haya, maji yametoka, nawahi ndoo. Ambao kwenye vikundi vyenu mnamjua wa kushoto wenu, niambieni alifanya nini. Msitaje majina ya wahadhiri, nataka kuhitimu.